Bakuli la Malale

Kama kuna kitu ambacho Monika hakusafiri kwenda China kukitazama, ni mpunga. Mwanamke huyu amezaliwa Kibaoni, miguu yake imeloa kwenye majaruba tangu hajajua kuhesabu, na alipohamia Mpanda mjini akafungua duka la mapazia na mashuka kule Kawajense, aliapa kwamba mpunga atauona ukiwa kwenye sahani tu. Sasa mtu wa namna hiyo unamtoa Guangzhou, unamkalisha kwenye treni karibu saa tatu, unamhamishia kwenye basi linalopinda milimani mpaka matumbo yanahama, halafu unamshusha mbele ya mlima mzima wa majaruba na kumwambia asubiri tiketi ya kuingilia.

Monika alisimama pale getini Longji, mkoba kwapani, akautazama mlima kutoka chini mpaka juu. Majaruba yalipanda ngazi kwa ngazi, yamejaa maji, mengine hayazidi upana wa kitanda.

"Nyie," akasema taratibu, "mmenitoa kwenye shughuli zangu nije kuangalia mpunga."

"Mpunga gani, dada Monika, huu ni utalii," Queen akamjibu. Simu ilikuwa tayari iko juu, shingo ameipindisha, midomo ameibinua, na wigi la kahawia alilolinunua juzi linapeperuka na kumwingia kinywani.

"Utalii wa nini? Hata miche yenyewe wameibananisha."

Queen ndiye aliyelianzisha. Walikuwa watatu, na urafiki wao haukuwa wa jana. Monika na Verdiana, muuza vyombo mwenye asili ya Mwese, walikuwa jumuiya moja kanisani kwa miaka ishirini. Wameuguziana, wamezikiana, wameshona sare za harusi mpaka makabati hayafungi. Queen alikuwa mdogo wao kwa mbali, ana duka la mawigi karibu na stendi, na walimbeba kwa sababu anachekesha na anaijua simu. Walikuja kufuata mzigo. Kiwanda kikawaambia mapazia yatakuwa tayari Jumatatu, Jumamosi na Jumapili zikabaki wazi, na Queen akasema yeye hawezi kurudi Mpanda, akaulizwa ameona nini China, akajibu ameona mabohari.

Haya yote, utalii na mabasi na huyo Queen na midomo yake, Monika angeyameza. Kilichomkaa kooni ni mtu aliyekuwa anawaongoza.

Jina lake Malale, miaka thelathini na moja, mtoto wa Wasukuma wafugaji waliohamia nyuma ya Kibaoni na ng'ombe wao zamani. Alikuja China kusoma akabaki, na sasa ndiye anayewapokea wafanyabiashara wa kutoka nyumbani, anawatafsiria, anawazungusha viwandani, anasimamia mizigo yao mpaka bandarini. Kichina anakiongea mpaka Wachina wenyewe wanamwita tena arudie kwa kushangaa. Kwa Monika hizo hazikuwa sifa. Yeye alichokikumbuka ni ng'ombe wa baba yake Malale wakiwa ndani ya jaruba la mama yake mzazi, mpunga umeshabeba, na wachungaji wamesimama juu ya tuta wameegemea fimbo utadhani wamealikwa. Baraza la kijiji lilikaa, fidia ikatolewa, mama yake akasamehe. Monika hakusamehe. Kwake yeye, mtoto wa mtu wa fimbo ni mtu wa fimbo, hata umvalishe suti na umfundishe Kichina.

Na huyo mtu wa fimbo alikuwa amemposa Angela, binti wa Monika.

Barua ya posa ililetwa Kawajense mwezi wa nne, kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kitambaa cheupe. Mume wa Monika alishafariki, na baba wadogo wa Angela, mkubwa wao akiwa Gelasius, walisema mama mtu ndiye mwenye neno la mwisho. Mama mtu akaichukua barua, akaiweka kabatini chini ya mashuka, akafunga kwa ufunguo. Angela ni muuguzi, ana miaka ishirini na nane, anajilisha mwenyewe. Alingoja wiki, akangoja mwezi, hakuuliza. Siku ya safari alimsindikiza mama yake stendi, akampa neno moja tu.

"Mama, unakwenda huko aliko. Mwone kwa macho yako. Kabla hujapanda ndege ya kurudi nipe jibu, ndiyo au hapana. Utakachojibu ndicho nitakachokipokea."

Jibu Monika alikuwa nalo tangu siku ya bahasha. Alichokosa ni sababu. Huwezi kumwambia mwanamke wa miaka ishirini na nane kwamba umemkatalia mume kwa ajili ya ng'ombe walioshiba mpunga yeye akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo Monika alikwenda China kuwinda. Alitafuta pombe, alitafuta wanawake, alitafuta uongo kwenye bei na uchafu kwenye kola ya shati. Siku ya tano sasa, na kijana hajaonekana hata na kucha ndefu. Hilo lilimkasirisha kuliko kama angemkuta amelewa.

Na kilichomkasirisha zaidi, kijana alikuwa anamfanyia ukwe.

Wapimbwe, kabila la Monika, na Wasukuma wana mengi wasiyopatana, ila hili wanapatana sana: mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawalali paa moja, na kula pamoja ndiyo usiseme. Mjini watu wameshaiacha heshima hiyo, leo utamkuta mtu anacheza muziki na mama mkwe ukumbini, mikono kiunoni. Malale hakuiacha. Uwanja wa ndege Guangzhou alimsalimia Monika akiwa hatua kumi, amechuchumaa, macho chini, abiria wanamkwepa na masanduku yao. Halafu akainuka akawapa mikono Verdiana na Queen. Kwenye treni alijikatia tiketi ya behewa jingine. Kwenye basi alikaa mbele kwa dereva. Migahawani aliwaagizia chakula, akahakikisha hakina nyama asiyoipenda Monika, kisha akaenda kukaa meza ya pembeni akawapa mgongo.

"Kwani huyu kaka mmegombana?" Queen aliwahi kuuliza. Yeye alilelewa mjini na shangazi aliyemfundisha kusuka basi, mengine yakampita.

"Anamheshimu mkwe wake," Verdiana akasema.

"Mkwe nani?" Monika akafyonya. "Barua haijajibiwa. Mtu hajapewa kitu, ameshajipachika."

Sasa pale Longji juu ya mlima unakwenda kwa gari la kwenye waya, kijumba cha vioo kinachoning'inia, kinabeba watu sita. Mhudumu aliwasukuma wanawake watatu ndani, akamshika Malale bega ili naye aingie. Malale akarudi nyuma. Mhudumu akasema maneno, Malale akajibu maneno, foleni ikaanza kunung'unika, na mzee mmoja wa Kichina mwenye kofia ya utalii akamsukuma kabisa kwa kiganja. Kijana hakuingia. Mlango ukajifunga, kijumba kikaondoka, na walipotazama chini wakamwona anachukua njia ya ngazi za mawe, begi lake mgongoni na begi la Monika kifuani.

"Saa nzima na zaidi anapanda ngazi," Verdiana akasema. "Kwa ajili yako."

"Nimemtuma? Mbuzi nao wanapanda."

"Monika, mdomo wako una dhambi."

"Nitaungama Mpanda."

Queen hakuwasikia, alikuwa anarekodi majaruba yakipita chini ya viatu vyake na kusema "wau" kila baada ya sekunde tatu. Monika alimtazama kwa muda, akajiuliza ni lini hasa watu walianza kusafiri ili simu zao zione.

Juu kule palikuwa na kijiji cha nyumba za mbao na watalii wengi kuliko wenyeji. Wanawake wa pale walivaa nguo nyekundu na nyeusi na kuuza mahindi ya kuchoma. Watalii walipanga foleni, foleni kabisa, wapigwe picha na jaruba. Monika alipita katikati yao akibana pua. Alimwona dada mmoja wa mjini, viatu vyeupe, ameshika mche mmoja wa mpunga kwa vidole viwili na analia kwa furaha. Huyo, Monika alijisemea, ningempeleka kwetu mwezi wa pili asubuhi, mgongo umeinama tangu alfajiri na ruba wameshamshika, ndipo nione hayo machozi.

Lakini ukingoni mwa kijiji kulikuwa na mwanamke wa umri wake anayepanda kweli, si kwa ajili ya picha. Monika alisimama kwenye tuta akamwangalia. Hakumwangalia sana. Akavua viatu, akapandisha sketi, akaingia.

"Unabananisha," akamwambia kwa Kiswahili. "Acha nafasi hapa, mkono upite."

Mwanamke akacheka, akajibu Kichina. Monika akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ndivyo watu wa Katavi tunavyotafsiri. Verdiana aliyekuwa kwenye tuta akageuka kumtafuta Malale, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika, shati limemganda mwilini kwa jasho. Malale alipoona mama wa Angela yuko ndani ya maji, magoti wazi, aligeuka hapo hapo akautazama mlima wa pili. Basi kazi ikawa hivi: Monika anasema, Verdiana anamrushia Malale, Malale anapiga kelele za Kichina kuuelekea mlima, na mwanamke wa jaruba anajibu, na maneno yanarudi kwa njia ile ile.

"Anasema hapa ni baridi," Malale akauambia mlima, "miche haitanuki sana, ndiyo maana anaisogeza. Anasema mama amepanda mistari mizuri. Anauliza kwao ni wapi."

"Mwambie Kibaoni," Monika akasema.

Malale akasema maneno mengi, si neno moja, na mwanamke yule akaacha kupanda akamtazama Monika kwa heshima.

"Umemwambia nini?" Verdiana akauliza.

"Nimemwambia anatoka kwenye nchi ya mpunga, na kwamba mama yake alikuwa na majaruba mazuri kuliko yote ya bonde lile. Nilikuwa mdogo, nimesikia tu. Nyumbani kwetu yanasemwa mpaka leo. Baba anasema ng'ombe wake kuingia mle ndiyo aibu aliyobaki nayo."

Verdiana alimtazama Monika. Monika aliinama akapanda miche minne, mitano, kwa kasi. Kitu kilimlegea kifuani, na alikichukia papo hapo. Wamefundishana la kusema, aliwaza. Baba amemfundisha mtoto, mtoto amekuja kulimwaga mbele ya rafiki yangu ili nionekane mimi ndiye mbaya. Akatoka majini bila kuaga.

Usiku huo wanawake walilala nyumba ya wageni ya mbao, na Malale akatafuta kitanda mtaa wa chini, kwa kuwa paa moja haliwezekani. Verdiana hakunyamaza mpaka usingizi ulipomchukua. Ana adabu, ana kazi, hanywi, hata dada zako wasingepata wa hivyo. Queen akaongeza kwamba kaka wa watu ana kifua. Monika aliwageuzia ukuta. Aliona wazi kinachokuja: Jumanne angepanda ndege, Angela angeuliza, na yeye angesema hapana bila sababu hata moja mkononi, na rafiki yake wa miaka ishirini angekuwa shahidi wa upande wa pili.

Asubuhi ya Jumapili alikuwa ameshajua la kufanya. Lilimjia wakati anafunga kilemba. Lilikuwa jepesi mno, akashangaa kwa nini amehangaika na pombe na kucha.

Walikula chakula cha mchana mapema, kwenye mgahawa wenye meza moja kubwa ya duara yenye kioo kinachozunguka. Ulikuwa umejaa, na mvua ilikuwa inanyesha. Malale aliwapatia viti vitatu, akawaagizia wali uliopikwa ndani ya mwanzi, mayai na mboga, kisha akachukua bakuli lake la wali na mchuzi akaenda kukaa nje kwenye ngazi, chini ya ncha ya paa, mgongo kwa mlango. Matone yalimpata bega moja.

Monika akainuka. Akabeba kijiko chake.

"Unaenda wapi?" Verdiana akauliza.

Hakujibu. Alitoka nje, akashuka ngazi mbili, akaketi kando ya Malale, paja kwa paja. Kijana alishtuka akataka kuinuka, Monika akamshika mkono, mkono mtupu, akamkalisha.

"Malale," akamwita. Kwa jina, hivyo hivyo, namna unavyomwita mtu wa bodaboda. "Unakula nini?"

Akachota. Akala. Akachota tena kutoka bakuli lile lile, akatafuna huku amemtazama machoni, anatabasamu, mchuzi umemkaa pembeni ya mdomo. Hakuna neno baya lililotoka. Kama ungekuwa mtalii wa kawaida ungesema angalia mama na mwanawe wanavyopendana.

Na Queen alisema hivyo hivyo. "Jamani, hatimaye," akasema kutoka mlangoni, simu imeshasimama wima. "Wameelewana. Subirini, subirini, dada Monika chota tena."

Dada Monika akachota tena.

Malale hakuwa mtalii. Bakuli lilikuwa bado mikononi mwake lakini vidole vilikuwa vimeacha kulishika vizuri. Mama wa mtu hali na mkwe. Mama wa mtu anakula na mpangaji, na mteja, na mpita njia, na kijana yeyote asiye na chochote kwake. Alikuwa amejibiwa mbele ya watu, kwa kijiko.

"Nimekuelewa, mama," akasema.

"Ulikuwa na akili tangu zamani," Monika akamwambia. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akarudi ndani kumalizia wali wake wa mwanzi. Aliukuta hauna chumvi, akausema.

Verdiana alikuwa ameacha kula. "Umefanya nini wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mwenzangu, umefanya nini?"

"Nimekula."

"Mkatalie mtu kwa mdomo. Mwandikie barua. Ile si ya kumfanyia hata mwizi."

"Angetaka barua angengoja barua. Yeye si ndiye mjuzi wa heshima za wakwe? Basi nimemjibu kwa lugha yake."

Queen aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kidole bado kiko kwenye simu. "Kwani kuna nini? Mimi nimeshamtumia Angela. Nimemwandikia, ona mama na mchumba wako, raha tupu."

Monika alitafuna. Hata hilo alilipenda. Sasa hatalazimika kusema lolote Jumanne, binti ameshapata jibu lake, tena kwa picha inayotembea. Akaomba chai.

Malale aliwashusha mlimani, akawapandisha basi, na mabadiliko yakaanza hapo hapo. Hakukaa mbele kwa dereva. Alikaa siti ya nyuma yao, akaongea na simu kwa sauti, akacheka. Walipofika stesheni ya treni Guilin alikata tiketi nne za safu moja. Monika aliingia dirishani, na kabla hajaweka mkoba vizuri, Malale akaketi kiti cha pili yake, akatandaza kiwiko kwenye mkono wa kiti, akafungua pakiti ya mbegu za alizeti. Verdiana akapata kiti cha tatu, Queen ng'ambo ya njia. Behewa lilijaa mpaka kiti cha mwisho.

"Chukua, mama," Malale akamwambia Monika, anamsogezea pakiti, anamtazama usoni. Ilikuwa sauti anayoitumia kwa wateja wote, nzuri na tupu. Hakukuwa na kosa ndani yake. Aliuliza kama mapazia ni ya rangi tatu au nne, akasema kesho atakuwa na wateja wa Mbeya kwa hiyo atawatumia mtu mwingine wa kuwapeleka kiwandani, akatema ganda la mbegu kwenye karatasi.

Monika alijibu kwa kichwa. Alijiambia ndivyo alivyotaka. Kwa siku tano mtu mzima alikuwa amechuchumaa kwa ajili yake viwanjani na vituoni, Wachina wanamkodolea macho, na hakuna mwingine duniani aliyewahi kumfanya aonekane mkubwa hivyo. Marehemu mume wake hakuwahi, na mapadri wa parokia humwita mama shuka. Aliiona hesabu hiyo ikija, akaifukuza. Ni mtu wa fimbo, akasema moyoni, na kiwiko cha mtu wa fimbo kilikuwa kimegusa chake.

Simu ikalia. Ilikuwa Angela.

Kwanza ilikuja picha. Angela yuko kwenye boma la Wasukuma, nyuma yake kuna zizi la miti na ng'ombe wameinamia pumba. Amepiga magoti chini mbele ya mwanamke mzee aliyefunga kaniki, na mwanamke amemwekea mikono miwili kichwani. Viatu vya Angela, vile vya kazini, vimejaa vumbi la barabara. Halafu yakaja maandishi.

"Mama, nimeiona video asubuhi. Nilisema utakachojibu nitakipokea, na nimekipokea: Malale si mkwe wako. Nimepanda basi mpaka Kibaoni, nikachukua pikipiki, niko kwa mama yake. Wamenipokea vizuri. Baba mdogo Gelasius nimempigia nikamsimulia, amesema mama amekataa ukwe, hajakataa ndoa, kwa hiyo wao watasimama upande wetu. Dada yake, shangazi Mwandu, atakaa mahali pa mama. Harusi ni mwezi wa tisa. Kadi yako utaipata pamoja na wenzio wa jumuiya. Mnunulie Queen zawadi, bila yeye ningengoja mpaka Jumanne."

Monika aliisoma. Akairudia, akaishia tena pale kwenye kadi. Nje milima ile ya ajabu ilikuwa inapita dirishani, watu wamekata tiketi kuiona, na yeye hakuona hata mmoja.

Kwa hiyo atamuoa. Mtoto wake atalala na mtu huyu, atazaa na mtu huyu, na wajukuu wataitwa kwa majina ya boma lile. Mtu aliyekaa hapa, kiwiko juu ya kiwiko, ndiye mume wa Angela. Mkono alioushika ni wa mume wa Angela. Bakuli alilochota, mara tatu, na mate ya kijiko chake ndani, mbele ya simu iliyowashwa, ni la mume wa Angela. Mwili wake ulielewa kabla yeye hajamaliza kuelewa. Uso ulimchemka, magoti yakajibana, mkono ukavuta kanga kutoka begani na kuishusha mpaka machoni.

"Nipishe," akasema.

Malale alisogeza miguu kidogo tu, namna unavyompisha abiria yeyote. Ilibidi apite, na magoti yao yakagusana.

"Kuna habari gani?" Verdiana akauliza. Monika akamtupia simu mapajani akaondoka.

Verdiana alisoma. Akamwinamia Malale. "Baba, badilishana kiti na Queen. Au sogea hata behewa la mbele. Hawezi kukaa hapa, unajua hawezi."

"Angela ameniambia," Malale akasema. Alimenya mbegu moja, akaila. "Mama Verdiana, mimi ukwe niliuomba siku tano kwa magoti. Nikaambiwa mimi si mkwe. Kama si mkwe, hiki ni kiti changu na tiketi ninayo."



Mwisho wa behewa, kati ya choo na bomba la maji ya moto ambalo Wachina hujazia chupa zao za chai, kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusimama. Monika alisimama hapo. Bado kulikuwa na zaidi ya saa mbili kufika Guangzhou. Watu walikuja chooni wakampangua, wengine wakadhani yuko kwenye foleni wakajipanga nyuma yake, akalazimika kuwaonyesha kwa mikono kwamba yeye haendi. Mwenyewe alikuwa mtu wa kubana pua, na harufu ya pale ilikuwa haibaniki.

Queen alimfuata. "Dada Monika, kiti chako kiko wazi, njoo ukae, unaumwa?"

"Miguu imechoka kukaa," Monika akasema. Queen akamtazama, akarudi.

Baada ya muda mlango wa kioo ulifunguka akaja Malale, chupa mkononi. Monika alimwona akiwa bado yuko hatua nne, na hakukuwa na pa kwenda. Alijigeuza ukutani, akachuchumaa pale chini palipolowa, kanga imefunika uso wote, kama wanavyofanya wanawake wa Kibaoni wakikutwa njiani na mkwe. Alisikia maji yakijaa taratibu.

"Utaumia hapo, mama," Malale akasema kutoka juu yake. "Rudi ukae, kiti unacho."

Monika hakujibu, maana mkwe hajibiwi. Kijana alifunga chupa yake, akarudi kwenye siti.